Tanga na kanga katika 3D: dalili, visababishi na namna ya kurekebisha

Matatizo yaliyomo humu ni yale yanayojirudia kwa watu wa Bagamoyo wanaojaribu kunasa kwa kamera umbo la kitu kisichotulia. Yupo mwanafunzi anayetaka kujua tanga la ngalawa linajaa kiasi gani kusi ikikaza. Yupo fundi anayetaka kumbukumbu ya tanga la jahazi kabla halijachakaa. Yupo mrekodi wa ngoma anayetaka kanga ya mchezaji ionekane ikipepea kutoka kila upande. Wengi huanza na simu na programu ya bure, na wengi hukwama mahali palepale.

Nimepanga kwa dalili, na chini ya kila dalili kisababishi cha kawaida zaidi kinatangulia. Ombi langu moja kabla hujaendelea: usiguse mipangilio ya programu mpaka uwe umekagua saa za kamera, lenzi na mwanga. Programu hulaumiwa kwa makosa yaliyokwisha kutendeka ufukweni, na ukianza kuivurugavuruga utaficha kosa badala ya kuliondoa.

Dalili: mchanga na chombo vimetoka, tanga halipo

Hii ndiyo inayoletwa kuliko zote. Mtu ameizunguka ngalawa na simu, amepiga picha nyingi, na programu imetoa mchanga, ubavu wa chombo na mlingoti safi kabisa. Chini ya foromali, ule mti unaobeba tanga, hakuna kitu ila nukta zinazoelea.

Simu haina kosa hapo. Programu za kawaida za kujenga umbo kutokana na picha, kama COLMAP na Meshroom, zinachukulia kwamba kitu kinachopigwa hakibadiliki umbo, na kinachohama ni kamera peke yake. Dhana hiyo ndiyo iliyobeba kazi maarufu ya Tomasi na Kanade ya mwaka 1992, na mpaka leo ndiyo msingi wa programu hizi. Alama moja kwenye tanga ikisogea kati ya picha ya kwanza na ya pili, mistari miwili inayotoka kwenye kamera kuielekea haikutani tena, na programu inaitupa alama hiyo kwa kuiona ni potofu. Kwa maagizo iliyopewa, imefanya sawa.

Ukaguzi wa kwanza ni rahisi. Maji yakikupwa, omba tanga litandazwe mchangani, libanwe pembe zake, kisha piga tena kwa mzunguko uleule. Likitoka zima, basi picha zako ni nzuri na tatizo ni mwendo wa nguo.

Baada ya hapo una njia tatu. Ya kwanza ni kutumia kamera mbili au zaidi zinazopiga kwa wakati mmoja, ili kila nukta ya wakati ijengwe peke yake bila kujali nguo ilikuwa wapi kabla. Ya pili ni kiolezo: unachukua umbo la tanga likiwa limetandazwa, unalihifadhi kama wavu wa pembetatu, kisha unaiachia programu ilikunje kiolezo hicho mpaka kilingane na kila fremu, yaani kila picha moja, ya video ya kamera moja. Njia hii inategemea ukweli kwamba nguo iliyofumwa vizuri hukunjika sana lakini hainyumbuki sana. Ya tatu ni kutumia video ya kamera moja bila kiolezo, kwa mtindo ulioanzishwa na Bregler, Hertzmann na Biermann mwaka 2000, ambapo umbo la kila fremu huchukuliwa kuwa mchanganyiko wa maumbo machache ya msingi. Kwa uso wa mtu anayezungumza inafaa. Kwa tanga linalojaa na kupungua taratibu inaweza kufaa. Kwa kanga inayorushwa na kugeuka upande wa pili, usipoteze muda wako.

Mwenye simu moja namshauri achukue kiolezo. Anayeweza kuazima simu ya pili, na hasa ya aina ileile, achukue njia ya kwanza.

Kisababishi cha pili hutokea kwa wanaopiga wakiwa ndani ya chombo. Mawimbi na mawingu yamejaa alama zinazohama, na programu inaweza kuyachukulia kuwa ndiyo mandhari iliyotulia, halafu ikakosea kujua kamera iko wapi. Ziba bahari na anga kwa kuzipaka nyeusi kwenye picha za kuzuia, zile zinazoionyesha programu sehemu za kupuuza, na iachie programu ishike mlingoti, mbao za chombo na kamba zilizokazwa.

Baadhi ya watu hufikiria kutatua yote haya kwa kununua kamera ya kina, yaani inayopima umbali kwa kurusha miale ya infraredi. Utafiti uitwao DynamicFusion wa mwaka 2015 ilionyesha uzuri wa kamera hizo kwa vitu vinavyobadilika umbo, lakini ulifanyika ndani ya chumba. Ufukweni saa sita mchana jua huizidi miale hiyo nguvu, nawe utapata picha tupu.

Dalili: tanga limetoka lakini lina mashimo makubwa

Mara nyingi nguo ni nyeupe tupu. Programu hutafuta vipande vidogo vya picha vinavyotofautiana na jirani zao, na kwenye kitambaa kipya cha pamba au turubai la rangi moja hakuna kipande chenye tofauti. Tanga kuukuu lenye viraka, madoa ya lami na mishono ya kushonea tena hutoka vizuri kuliko jipya, jambo linalowashangaza wengi.

Angalia picha yenyewe kwanza. Ikuze sehemu ambayo imetoboka. Ukiona weupe mtupu usio hata na kivuli cha uzi, mwanga umezidi. Punguza kwa mkono na ufunge mpangilio huo, usiiachie simu ijiamulie fremu kwa fremu. Ukiona kitambaa vizuri lakini hakina alama, basi lazima ukiongezee alama.

Alama bora ni vipande vya nguo vya rangi vilivyoshikizwa kwa mishono michache, vikubwa vya kutosha kuonekana kwa pikseli kumi au zaidi, vikipangwa ovyo bila mistari wala safu. Safu nadhifu zinaleta tatizo la dalili inayofuata. Utepe wa umeme hubanduka ukilowa chumvi. Rangi usitumie kabisa kwenye tanga la mtu. Tanga ni mali ya gharama, na mwenye chombo ana haki ya kuambiwa kila utakachokiweka juu yake, kabla hujakiweka.

Saa nazo zina maana. Pwani ya Bagamoyo inatazama mashariki, kwa hiyo asubuhi ukisimama nchi kavu unapiga kulielekea jua, na alasiri jua liko mgongoni kwako. Alasiri ni salama zaidi. Hata hivyo asubuhi ina faida ambayo wachache wanaitumia: mwanga ukipita ndani ya tanga kutoka nyuma, mishono na viraka huonekana kama mistari myeusi iliyo wazi, na mistari hiyo ni alama nzuri mno. Kinga lenzi kwa kiganja au kofia ili jua lisiingie moja kwa moja, kisha jaribu.

Kisababishi cha mwisho ni kujificha. Tanga likijaa, upande mmoja wa tumbo hauonekani na kamera yoyote iliyo upande mwingine. Shimo hilo haliwezi kuzibwa kwa uaminifu bila kamera ya pili upande wa pili, au kiolezo.

Dalili: pindo la kanga limehama au limejibandika juu ya jingine

Wanaorekodi ngoma wanaifahamu. Mji wa kanga, ile sehemu ya katikati, umekaa mahali pake, lakini pindo linaruka: fremu moja liko sawa, inayofuata limesogea upana wa ua moja, kisha linarudi.

Kisababishi ni marudio. Pindo huchapwa kwa nakshi ileile ikijirudia kutoka pembe hadi pembe, na kila ua linafanana na jirani yake. Programu ikiambiwa itafute ua la tatu kutoka kushoto, inaweza kuchukua la nne bila kuona kosa lolote, kwa sababu kwa macho yake hayo mawili ni kitu kimoja. Jina la kanga, yale maandishi yaliyo chini ya mji, ndiyo dawa yako. Herufi zimepangwa kwa mfuatano usiojirudia, zina kona kali, na rangi yake huachana na mandharinyuma. Kanga nikipewa nichague ya kurekodia, huchagua yenye jina refu na mji wenye picha kubwa moja.

Cha kufanya, kwa mpangilio: hakikisha jina linaonekana angalau na kamera moja kwa muda mrefu wa mchezo, zuia programu isioanishe alama zilizo mbali kuliko nguo inavyoweza kusogea kati ya fremu mbili, ongeza fremu kutoka 30 hadi 60 kwa sekunde ili umbali huo upungue, na ukitumia kiolezo, bana kwanza herufi na mji, halafu ndipo uiruhusu programu iguse pindo. Alama za aina ya SIFT (njia ya programu ya kutambua vipande vya picha), ambazo David Lowe alizitangaza mwaka 1999, huoanishwa kwa ukaguzi wa kulinganisha chaguo la kwanza na la pili na kuzitupa zote zinapokaribiana. Ukaguzi huo usiuzime. Utapoteza alama nyingi za pindo, lakini zitakazobaki ni za kweli.

Kanga zinauzwa jozi, na hapo pana mtego. Mchezaji aliyejifunga doti nzima ana vitambaa viwili vyenye nakshi moja na jina moja. Programu inaweza kuoanisha cha kiunoni na cha begani. Kata picha, uvijenge kimoja kimoja.

Ukiwa ndani, chini ya taa, utaona pia mistari myeusi inayopanda na kushuka kwenye nguo. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Weka shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu, iwe 1/100 au 1/50 ya sekunde, na mistari itatoweka au kufifia sana. Bei yake ni ukungu kwenye nguo inayokwenda kasi. Ongeza taa zisizopepesa, au rekodi nje, uani, kukiwa na jua la jioni.

Dalili: uso unatetemeka, au kina kinapanda na kushuka bila sababu

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo juhudi nyingi hupotelea. Kamera mbili zimesimama, tanga linaonekana vizuri na zote mbili, lakini umbo linalotoka linaruka mbele na nyuma. Mtu anaongeza ulainishaji, yaani anaiambia programu isawazishe uso, mtetemo unapungua, anafurahi. Kosa lingali ndani.

Kisababishi cha kwanza ni saa. Simu mbili zilizobonyezwa pamoja hazianzi pamoja. Kwa fremu 30 kwa sekunde, kati ya fremu na fremu kuna milisekunde 33, kwa hiyo hata ukizilinganisha fremu kwa fremu unaweza kubaki na tofauti ya milisekunde 16 hivi. Nguo inayokwenda mita 2 kwa sekunde husogea sentimita 3 katika muda huo. Hizo sentimita 3 zinaonekana ndogo, mpaka uzipeleke kwenye kina, yaani umbali kutoka kamera hadi nguo: tanga likiwa mita 6 kutoka kwenye kamera, na kamera zikiwa zimeachana mita 1, mwendo wa pembeni huzidishwa mara sita. Unapata kosa la karibu sentimita 20 kwenye kina, kwa kosa la saa ambalo jicho haliwezi kuliona.

Watu wengi hulinganisha saa kwa kupiga makofi. Ni njia nzuri, ila simama katikati, umbali sawa kutoka kila kamera. Sauti katika joto la pwani huenda karibu mita 350 kwa sekunde. Kamera moja ikiwa mbali na wewe kwa mita 10 zaidi ya nyingine, itasikia kofi likichelewa karibu milisekunde 29, yaani karibu fremu nzima. Mwako wa tochi hauna tatizo hilo, na usiku unaonekana vizuri. Mchana nashauri makofi, katikati, mwanzoni na mwishoni mwa video. Mwishoni ni lazima, kwa sababu simu nyingi hazishiki kasi moja ya fremu: zinaanza na 30, zinashuka kidogo mwanga ukipungua au joto likipanda, na saa mbili zilizolingana mwanzo zinaachana kadiri video inavyosonga. Kama makofi ya mwanzo yanalingana kwenye kamera zote mbili lakini ya mwisho hayalingani, tumia muda ulioandikwa kwenye kila fremu, usihesabu fremu.

Sasa jaribio ambalo kila mtu anapaswa kulifanya kabla chombo hakijaondoka. Chukua upondo au kasia, lifunge vitambaa viwili vyekundu vilivyoachana mita 1 kamili, upime kwa futi. Lisimamishe mbele ya kamera mahali ambapo tanga litakuwa, lirekodi. Kisha shika ncha moja ulizungushe kwa nguvu, urekodi tena. Jenga nukta hizo mbili tu na upime umbali wake.

Umbali ukiwa mita 1 likiwa limesimama na likiwa linazunguka, endelea na kazi. Ukiwa sawa likisimama lakini unabadilika likizunguka, tatizo ni saa, au shata iko polepole. Ukikosea hata likiwa limesimama, tatizo ni lenzi au nafasi za kamera, na hakuna ulainishaji utakaolitibu. Kipande cha mti na vitambaa viwili kinakutenganishia makosa ambayo ukiyaacha yachanganyike hutayajua tena.

Kisababishi cha pili ni kamera kukaribiana mno. Video ya upana wa pikseli 1920 kutoka simu ya kawaida ina urefu wa fokasi (kipimo cha jinsi lenzi inavyokuza picha) wa karibu pikseli 1400. Tanga likiwa mita 6, kosa la pikseli moja linaleta kosa la kina la sentimita 2.6 iwapo kamera zimeachana mita 1, na la sentimita 13 iwapo zimeachana sentimita 20. Tena kosa hukua kwa mraba wa umbali: rudi nyuma hadi mita 12 na sentimita 2.6 zinakuwa zaidi ya 10. Achanisha kamera, usogee karibu. Usizidishe lakini; zikitofautiana sana kwa pembe, kila moja inaona mikunjo mingine na kuoanisha kunakufa.

Kisababishi cha tatu ni ukungu wa mwendo. Nguo ileile ya mita 2 kwa sekunde, kwa umbali uleule, hupita karibu pikseli 8 kwa shata ya 1/60, na chini ya pikseli moja kwa shata ya 1/1000. Juani una mwanga wa kutosha kutumia 1/1000. Itumie.

Simama hapa. Stendi ya kamera inayofungwa juu ya mlingoti si kazi yako. Mwachie baharia aliyezoea kupanda, na apande chombo kikiwa kimetulia, si kikisafiri kwa tanga. Simu au kamera iliyoingia maji ya chumvi usiichaji wala usiiwashe kuangalia kama imepona: izime, itoe betri kama inatoka, uipeleke kwa fundi siku hiyohiyo. Betri iliyovimba usiitoboe wala usiibane irudi. Na anayetaka kurusha droni juu ya matanga aanze na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania kabla hajaifungua kwenye sanduku.

Dalili: kila kitu kimepinda, hata mlingoti

Tazama vitu unavyojua vimenyooka. Mlingoti ukitoka umepinda, mashaka yote yaelekee kwenye lenzi.

Anza na kituliza picha cha simu. Kinakata na kusogeza kila fremu kivyake ili video ionekane tulivu, na kwa kufanya hivyo kinabadilisha vipimo vya lenzi fremu hadi fremu. Kizime. Kisha funga fokasi na usikuze picha, kwani fokasi inayojirekebisha yenyewe pia hubadilisha vipimo. Ndipo ufanye kalibresheni, yaani kupima tabia ya lenzi yako: chapisha miraba myeusi na myeupe ya ubao wa drafti, ibandike juu ya kioo au ubao ulionyooka kabisa, na uipige kutoka pembe nyingi ikifika hadi kwenye kona za picha. Njia hii ya Zhengyou Zhang ya mwaka 2000 ipo tayari ndani ya OpenCV, maktaba ya bure ya programu za kushughulikia picha. Kosa linalojirudia ni kupiga kalibresheni kwa picha za kawaida kisha kurekodi kwa video. Video ya simu huwa imekatwa kingo, kwa hiyo kalibresheni ifanywe kwa video, kwa mpangilio uleule. Kamera za michezo zenye lenzi pana zinahitaji kielelezo cha lenzi cha aina yake. Cha kawaida kitazivuruga pembeni.

Kama mlingoti umenyooka chombo kikiwa kimetulia lakini unalala upande kikiyumba, hiyo ni tabia ya kamera za simu kusoma picha mstari baada ya mstari kutoka juu kwenda chini. Sehemu ya chini ya picha imechelewa kuliko ya juu. Fremu nyingi kwa sekunde husaidia kwa kawaida, maana usomaji huwa wa haraka zaidi.

Dalili: tumbo la tanga limegeuka, lililo nje limeingia ndani

Hutokea kwa kamera moja tu, na mara nyingi ikiwa imepigwa kutoka mbali. Kwa mbali, tumbo lililoelekea kwako na shimo lililoelekea kinyume huchora karibu picha moja. Kivuli nacho kina utata huohuo, jambo linalojulikana vizuri katika kazi ya kujenga maumbo kutokana na vivuli, ambayo Berthold Horn aliiandikia mwaka 1970: umbo lililovimba likiangazwa kutoka juu na lililobonyea likiangazwa kutoka chini hufanana.

Sogea karibu. Ikishindikana, iambie programu jambo moja inaloweza kushika: upepo unatoka wapi. Mtu yeyote ufukweni anajua tanga limejaa kuelekea upande gani, na sharti hilo moja linatosha kuchagua umbo sahihi kati ya mawili. Anza fremu ya kwanza kwa umbo sahihi, kisha kila fremu ianzie pale iliyotangulia ilipoishia. Likigeuka katikati ya video, kuna fremu ambazo tanga lilipigapiga bila kujaa. Kata hapo, uanze upya.

Dalili: kompyuta inakwama au inachukua usiku mzima

Punguza ukubwa wa picha nusu, punguza pembetatu za kiolezo, na fanya kazi kwa vipande vya sekunde tano tano. Hifadhi kila kipande kinapokamilika, umeme usije ukakatika nawe ukaanza mwanzo.

Dalili: umbo ni zuri sana

Hii haitajwi kama tatizo, na ndiyo inayonitia hofu kuliko zote. Uso laini, hauna shimo, hautetemeki, na ni wa uongo.

Kila njia ya kujenga nguo ina ulainishaji ndani yake, kwa sababu picha peke yake hazitoshi kuamua umbo. Uzito wa ulainishaji ukizidi, programu inajaza pasipo na ushahidi kwa kitu cha kupendeza. Mikunjo midogo karibu na foromali inatoweka. Tumbo linakuwa duara. Ukingo wa nyuma, ambao kwa kweli hupigapiga, unanyooka. Ukimwonyesha mshonaji wa matanga, atakuambia kwa kutazama tu kwamba tanga halikai hivyo.

Jaribio lake halihitaji zaidi ya futi na chaki. Kabla tanga halijapandishwa, chora jozi za alama kwa kufuata nyuzi, za urefu na za upana, kila jozi ikiachana sentimita 50. Baada ya kujenga, pima kila jozi kwa kupita juu ya uso wa umbo. Inapaswa kubaki sentimita 50 katika kila fremu, ikipungua au kuzidi kidogo sana. Pima pia moja kwa moja hewani: umbali huo unaweza kupungua nguo ikikunjika, lakini hauwezi kuzidi ule wa juu ya nguo. Ukiona sentimita 55 hewani, programu imeinyosha nguo mahali ambapo haikunyooka.

Usichore jozi kwa mshazari. Kitambaa kilichofumwa huvutika mshazari hata kwa mkono, kwa hiyo jozi za mshazari zitabadilika kihalali na kukupa wasiwasi wa bure. Na pima nguo ikiwa katika hali ileile, kavu kwa kavu au mbichi kwa mbichi, maana pamba ikilowa hubadilika.

Jozi zikikataa, punguza ulainishaji nusu kwa nusu mpaka mikunjo irudi, ukitazama wakati huohuo jozi zisianze kuruka. Ukipunguza na umbo likasambaratika, maana yake alama zako hazitoshi na ulainishaji ndio uliokuwa umelibeba. Rudi ukaongeze vipande vya rangi, hasa karibu na foromali na kwenye ukingo wa nyuma. Mahali ambapo hakuna alama kabisa, pake rangi nyingine kwenye umbo lako ili anayelitazama ajue sehemu hiyo imekisiwa.

Jozi zote zikikubali lakini tanga zima ni kubwa au dogo kuliko lilivyo, hiyo ni suala la kipimo tu. Kamera moja haiwezi kujua ukubwa halisi. Pima foromali kwa futi na uipe programu urefu huo. Foromali nayo hupinda upepo ukikaza, kwa hiyo ipime chombo kikiwa kimetulia, na kipimo ukitumie kwenye fremu ya utulivu.

Simama hapa pia. Umbo lililopita majaribio haya linafaa kwa kumbukumbu, kwa mafunzo na kwa kulinganisha tanga moja na jingine. Halitoshi kukatia kitambaa kipya wala kubadilisha urefu wa foromali. Anayetaka kufika huko amwite mshonaji wa matanga na nahodha wa chombo wakae na umbo hilo pamoja naye, na kama kazi inahitaji vipimo vya kisheria au vya usalama, amlete mpima mwenye vifaa vyake. Kwa upande wa programu, ukiwa umepita jaribio la upondo na la jozi na bado kosa linabaki mahali palepale kila mara, acha kubahatisha. Tafuta mtu aliyesomea kazi hii, umpelekee video ghafi za kamera zote, video ya kalibresheni, video ya upondo na vipimo vyako vya futi. Akiwa na hivyo vinne anaweza kuanza kazi. Umbo lililolainishwa peke yake halitamsaidia.